Tatu Nukta Tisa

Vudee, 11 Machi 2023

Kwa Leticia, Kituo cha Vipaji, Same.

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Iddi dereva, nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani mimi ndiye niliyesoma vibaya. Unaniuliza kama nina uhakika na namba nilizokuletea. Mwanangu, hapa Vudee mtu akitaka kujua habari za mbio anaelekezwa kwangu, na Myamba vilevile, muulize yeyote. Mimi Tumainieli Mbwambo nilianza kupima wachezaji mama yako akiwa bado anasuka nywele za shule. Saa yangu ya kubonyeza nilipewa na mwalimu wa misheni mwaka 1981. Mwalimu amekufa, misheni imebadilishwa mabati mara mbili, saa bado inatembea.

Utaratibu wangu ni huu. Ninayo kamba ya katani ya mita thelathini, niliisokotesha mwenyewe kule mashamba ya mkonge na kuipima kwa tepu ya chuma. Tunaitandika uwanjani asubuhi kabla watoto hawajaenda shule. Justa, jirani yangu, anasimama mwanzo wa kamba na filimbi. Mimi nasimama mwisho. Akipuliza nabonyeza, mchezaji akikanyaga mwisho wa kamba nabonyeza tena. Hakuna uchawi wala kompyuta.

Jenifer sekunde 4.6. Honorata 4.7. Agape 4.6. Na Lukia, mjukuu wa Justa, ambaye huwa namweka wa mwisho akimbie peke yake kwa heshima yake, 3.9. Nimemwona kwa macho yangu haya ambayo watu wanayaita ya mwewe. Mtoto anakimbia kama hana kitu miguuni, hata njumu zake hazisikiki. Ni makande, binti. Huko chini mnakula chipsi.

Unasema nipige simu. Simu maneno yake yanakwenda na upepo. Barua ina sahihi, na sahihi yangu haijawahi kurudishwa na ofisi yoyote.

Ni mimi,
Tumainieli Mbwambo, mwalimu wa mpira

*

Same, 18 Machi 2023

Mzee Tumainieli,

Shikamoo. Natumaini mvua za huko zinanyesha vizuri na tangawizi inaendelea.

Siandiki ili kukudharau, Mzee. Kazi yangu hapa ni kupokea muda wa mbio za watoto kutoka kata zote na kuuhakiki kabla haujaingia kwenye orodha. Nimepokea namba za ajabu kutoka sehemu nyingi. Kuna mwalimu aliyepima wachezaji wake kwenye mteremko. Kuna mwingine alibonyeza saa mchezaji akiwa tayari amekwisha kuondoka. Hawakuwa waongo, ila namba zao zilikuwa za uongo.

Muda wa 3.9 kwa binti wa miaka kumi na sita, Mzee, hata wanawake watu wazima wanaolipwa kucheza ni wachache mno wanaoufikia. Na wasichana wako wengine pia wana kasi kupita kiasi. Wakiwa wote wana kasi ya ajabu siku moja, mimi huangalia uwanja kabla ya miguu.

Naomba uniambie: hiyo kamba huwa inalala nje? Katani ikinywa maji hujikunja na kufupika. Huko kwenu masika ukungu hauondoki mpaka saa nne. Huenda mita zako thelathini zimekuwa pungufu bila wewe kujua.

Naomba uharakishe, kwa sababu kocha mkuu, Rodrick, ameshaiona ile 3.9. Nilimwambia haijahakikiwa. Akaniambia huyo binti aletwe, wengine watafuata. Sisi tunachukua wasichana wanaofika 4.8 kushuka chini, na nafasi ni moja kwa kata yote. Sitaki Lukia aje kupimwa kwa namba ambayo si yake.

Wako mtiifu,
Leticia

*

Vudee, 27 Machi 2023

Leticia,

Barua yako ilinikasirisha hata chai sikunywa. Nilimwambia Justa, huyu binti anataka kunifundisha kamba, mimi niliyekata mkonge miaka sita. Justa akaniambia, basi ipime tumnyamazishe. Nikaazima tepu ya chuma kwa fundi wa kanisa. Tukaitandika kamba asubuhi, imelowa kama ulimi wa ng'ombe, tukaipima.

Imepungua mita moja na nusu.

Haya, umeshinda. Sijawahi kuandika neno hilo kwa mwanamke, litunze. Watu wote wa huku tunapimia kamba ya katani, mashamba, misingi ya nyumba, hata makaburi, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba masika inatupunja. Nimeitundika darini, sasa natumia chuma.

Nimewapima upya wote kwa tepu. Jenifer amekuwa 4.9. Honorata 5.0. Agape 4.9. Kila mmoja ameongezeka, kama ulivyosema.

Lukia 3.9.

Nilimrudisha. 3.9. Nikamrudisha tena, nikabadilisha mkono wa kushika saa. 3.9, bila kuzidi, bila kupungua. Mita zimeongezeka lakini yeye ni kama hakuambiwa. Nimekaa na jambo hili siku tatu kabla ya kuandika, na mimi si mtu wa kukaa na jambo.

Lakini namba ni namba. Mwandike.

Ni mimi,
Tumainieli Mbwambo

*

Vudee, 2 Aprili 2023

Dada Leticia,

Shikamoo. Mimi ni Lukia, yule wa Vudee. Naandika bila Babu Tumainieli kujua. Mpe Iddi jibu aniletee, lakini lisiwe na jina la Babu juu, maana atalichukua.

Dada, Babu haoni. Anaona kitu akikileta puani tu. Saa anaisoma hivyo, barua zako pia anazisoma hivyo, uso umelala kwenye karatasi. Mtu akisimama hatua tatu mbele yake anamjua kwa sauti. Sisi wote kwenye timu tunajua, tumekubaliana tusiseme, tukimpita tunamtajia jina la aliyekimbia. Anabonyeza kwa kusikia miguu ikifika. Usimwone mwongo. Akisimama pale na kofia yake watu wanamheshimu, na asiposimama pale hana pengine pa kusimama.

Lakini si hilo tu.

Mimi nikifika kwenye mstari, Babu anakuwa ameshabonyeza.

Mwanzoni nilidhani anakosea. Halafu nikasikiliza. Bibi Justa akipuliza filimbi, kuna mtu anaondoka pamoja na mimi. Simwoni, ni ukungu tu. Nasikia miguu mitupu kwenye udongo uliolowa, na mimi nimevaa njumu. Ananiacha kama nimesimama. Anapita kwa Babu, mimi bado niko njiani. Nikifika, Babu anasema, umefanya vizuri mwanangu, na anatazama mbele yangu kama mtu bado yuko pale.

Wenzangu hawamsikii wakikimbia wao. Ni zamu yangu tu.

Dada, nataka hiyo nafasi. Baba yangu aliondoka kutafuta kazi mashamba ya mkonge hakurudi, Bibi amezeeka, na mimi kitu ninachokijua ni mpira. Kama nitakuja huko nitakimbia kama mimi. Naogopa tu mtaniuliza ile namba nyingine iko wapi.

Lukia

*

Same, 18 Mei 2023

Mzee Tumainieli,

Shikamoo. Lukia alifika salama Jumatatu, analala kwangu, anakula vizuri. Naandika haraka, Iddi anapanda jioni hii.

Mzee, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jambo dogo. Nilijua atakimbia 4.8 au 4.9 kwenye mashine yetu, nami ningefuta ile 3.9 kwa kalamu, ningeandika namba yake, tungeangalia anavyocheza. Mashine hii haina kidole cha mtu. Ni milingoti miwili mwanzo na miwili mwisho, mwanga unapita katikati. Mwili ukikata mwanga wa kwanza inaanza kuhesabu, ukikata wa mwisho inasimama.

Jana asubuhi Lukia alikimbia. Mimi nilikaa mwisho na kioo cha kusomea muda. Uwanja wetu unaujua, mkavu, tambarare, hauna hata jani la kuficha panya. Namba ilitokea kwenye kioo nikainua macho. Lukia alikuwa bado hatua sita au saba mbali nami.

3.9.

Nikasema mashine imeshikwa na vumbi. Tukapangusa, tukapima kwa wengine wanne, ikawasoma vizuri. Lukia akarudi. 3.9 tena, naye bado hajafika. Mara ya tatu nilifagia mwenyewe mchanga wa pale mwisho kabla hajakimbia. Alipopita nikaenda kuangalia. Kulikuwa na alama za njumu zake. Mbele ya alama hizo, juu ya mstari wenyewe, kulikuwa na unyayo mmoja mtupu, mwembamba, vidole vimechimba chini kama mtu anayejivuta. Nilifunika kwa mguu wangu. Sijui kwa nini nilifunika.

Rodrick hakuona, yeye alikuwa anaangalia namba tu. Alifurahi mpaka akanishika bega. Nilimwambia mtoto alikuwa hajafika. Akaniambia, 'Leticia, macho yana usingizi, mashine haina.' Akamkimbiza mara saba. Leo mara sita, kwenye jua la mchana. Mtoto miguu inatetemeka, hawezi hata kupiga mpira, na Rodrick anasema uchovu huo ni wa uvivu, mbona mashine bado inasoma vilevile. Jumamosi wanakuja wageni kutoka Dar kumwona. Amewaahidi atakimbia mbele yao mpaka waridhike.

Usiku Lukia aliniambia kitu. Amesema huyo anayemtangulia anahema vibaya, kama mtu aliyekimbia siku nyingi.

Mzee, mimi ni mtu wa namba. Lakini nimerudia barua zako zote. Kabla hujapima kwa tepu uliandika 3.9, na baada ya tepu 3.9. Namba hii ulikuwa nayo mahali. Naomba uniambie ukweli kabla ya Jumamosi. Si kwa ajili ya fomu. Kwa ajili ya Lukia.

Leticia

*

Vudee, 19 Mei 2023

Leticia, mwanangu,

Nimeandika barua hii alfajiri na Iddi anaingojea barabarani anapiga honi, na mimi nimemwambia apige tu.

Mimi sioni. Nadhani umeshaambiwa, hawa watoto hawajui kuficha. Miaka minne sasa. Nilikuandikia habari za mwewe, uifute.

Hilo lilikuwa jepesi. Sasa hili.

Nilikuwa na binti, Elinaza, wa pekee. Watu walikuwa wanacheka wasichana wenye mpira, mimi sikucheka, nilimtengenezea goli la miti ya mikaratusi. Alikimbia peku, njumu hatukuwa nazo. Mwaka 2004, akiwa na miaka kumi na sita kama Lukia sasa, watu wa mjini walitafuta wasichana wa timu ya mkoa, wakataka muda wa mbio kwa barua. Nilimpima kwa macho yangu mazima na kwa uwanja mkavu. Alikimbia 4.9. Nikaona ni namba ya kawaida, wataipitia tu. Nikaandika 3.9. Tarakimu moja tu, binti. Sikujua hata kama ni namba isiyowezekana. Nilitaka iwe nzuri kuliko za wengine.

Walimwita. Tulishuka wote, mimi nimevaa koti la kanisani. Uwanja ule ulikuwa na jua la saa saba. Akakimbia, yule mzee wa saa akatazama karatasi, akasema huyu mtoto anafanya mchezo, karatasi inasema tatu nukta tisa, rudia. Akarudia. Rudia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kofia yangu mkononi. Ningeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, ni mimi nimekosea. Kulikuwa na walimu wa kata nyingine pale, na wote walikuwa wanajua jina langu.

Alipokuwa anarudi kuanza mara ya tisa alinipita karibu. Akaniuliza, 'Baba, kwani namba yenyewe ni ngapi?'

Nikamwambia, 'We kimbia tu, mwanangu. Umekaribia.'

Mara ya kumi na moja alivuka mstari akaanguka mbele, mdomo ukajaa vumbi. Hospitali walisema ni moyo. Mimi nilirudi Vudee nikawaambia watu Elinaza amekufa akiwa binti mwenye mbio kuliko wote nchi hii, na saa yangu ni shahidi. Nimesema hivyo miaka kumi na tisa. Kwenye maziko nilisema. Mama yake alikufa anaamini.

Miguu ile niliijua siku ya kwanza. Mtu hasahau mtoto wake anavyokanyaga. Nilifurahi, Leticia. Nikasema moyoni, kumbe aliweza. Nikawa namwita Lukia kila asubuhi akimbie ili nimsikie mwingine. Namba nikampa Lukia kwa sababu sikuwa na pa kuiweka.

Sasa unaniambia anahema vibaya. Mimi nilimwambia amekaribia, na hakuna mtu aliyemwambia aache.

Hapa chini nimeandika barua ya ofisi. Isome kwa sauti, mbele ya Rodrick na wageni wake wote, kabla Lukia hajakimbia. Wakicheka wacheke, jina ni langu. Na Lukia akimbie mara moja tu. Mara moja.

*Kwa wote wanaohusika. Mimi Tumainieli Mbwambo wa Vudee niliandika muda wa 3.9 kwa Elinaza Tumainieli mwaka 2004. Ulikuwa uongo wangu, si wake. Muda wake ni 4.9. Na muda wa 3.9 nilioandika kwa Lukia si wa Lukia, naufuta. Mtoto yeyote asikimbizwe tena kwa ajili ya namba hiyo.*

Ni mimi,
T. Mbwambo

*

Same, 24 Mei 2023

Mzee wangu,

Shikamoo. Ulisubiri siku nne, nisamehe.

Nilisoma barua yako Jumamosi saa mbili asubuhi, nimesimama kwenye mstari wa mwisho. Rodrick alijaribu kunikatiza mara mbili. Mmoja wa wageni, mama mtu mzima, akamwambia mwache binti asome. Nilipofika kwenye jina la Elinaza nikasikia baridi ya huko kwenu, ya ukungu, ikipita miguuni. Huku Same, Mzee, mwezi wa Mei. Yule mama alijifunika khanga.

Hakuna aliyecheka.

Rodrick alisema barua ya mzee wa kijijini haiwezi kubatilisha mashine, akaiwasha. Lukia akakimbia. Nilikuwa nimemkazia macho yeye, sikuangalia kioo mpaka kifua chake kilipopita milingoti. Mashine ilisubiri mpaka hapo. 4.83. Rodrick akasema arudie. Nikasimama katikati ya milingoti, nikamwambia mtoto amekimbia mara moja na namba yake ni hiyo, kama anataka nyingine akimbie yeye. Naona sitapendwa sana hapa ofisini mwezi huu.

Hakupata nafasi, Mzee. Amezidi kwa sehemu tatu za mia. Lakini mchana alicheza, miguu imepumzika, na yule mama aliandika jina lake pembeni kwa ajili ya mguu wake wa kushoto. Ataitwa tena Januari. Sio ahadi, ni jina kwenye karatasi tu, na namba iliyo mbele yake ni ya kweli.

Kwenye orodha yangu nimefuta ile nyingine kwa mkono wangu.

Jioni nilimuuliza Lukia kama aliyemtangulia alikuwepo. Akasema alikuwepo, ila hakutangulia. Alikuwa nyuma yake kidogo. Hakumfukuza. Alikuwa anakimbia taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani.

Anapanda kesho na Iddi.

Binti yako,
Leticia

*

Vudee, 4 Juni 2023

Leticia,

Lukia amefika, amekula makande sahani mbili. Jumapili hii baada ya ibada nilisimama mbele ya usharika nikawaambia kuhusu Elinaza, yote, hata koti. Baadhi wametoka bila kunipa mkono. Ni haki yao. Timu nimemwachia Honorata, anayo macho. Saa nimebaki nayo.

Jana asubuhi kulikuwa na ukungu kama maziwa. Nilimwomba Justa aje na filimbi, peke yake. Akaniuliza nani anakimbia. Nikamwambia wewe puliza.

Akapuliza. Nikabonyeza. Kwanza kimya, nikadhani ndiyo basi, amekwenda. Kisha nikaisikia miguu inakuja, peku, haina haraka ile ya kwanza. Ilikuwa mizito kidogo, ya binti wa miaka kumi na sita aliyeamka mapema akanywa uji. Ilipokanyaga mwisho wa tepu nikabonyeza, nikaileta saa puani.

4.9.

Haikuendelea mbele. Ilisimama ubavuni kwangu, upande wa kushoto, pale alipokuwa anasimama akingoja nimsomee. Nilimsikia anahema, kwanza kwa nguvu, halafu polepole, mpaka pumzi ikakaa sawa kama ya mtu aliyelala. Nilikuwa na maneno mengi, na wewe unajua mimi sikosi maneno. Niliyotoa ni mawili.

'Umefika, mwanangu.'

Justa alikuja na filimbi yake akanikuta nimesimama peke yangu. Akaniuliza amepata ngapi. Nikamwambia. Akasema kwa binti wa umri ule ni mbio nzuri sana.

Baba yake Elinaza,
Tumainieli